UPIGAJI PICHA CHINI YA BAHARI: SOMO KWA MZAMIAJI ANAYEANZA

Utangulizi

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na wengi wetu tumewahi kuiandikia insha. Lakini mwanafunzi mwenzangu, hebu nikuulize: wewe unayeishi mwambao huu wetu, unayesikia mawimbi ukiwa kitandani, umewahi kuifikia bahari yenyewe? Sisemi kuoga ufuoni siku ya sikukuu. Nasema kuingiza uso majini, kufungua macho na kutazama. Wengi wetu tunamjua pono akiwa juu ya meza ya muuza samaki, amekauka na rangi imemwishia. Pono akiwa hai ana rangi ya feruzi, kijani na waridi, kama leso mpya iliyotoka dukani.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi mtu anayeanza kuzamia anavyoweza kujifunza kupiga picha chini ya maji. Mwalimu wangu katika jambo hili ni mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wazamiaji huko Watamu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea. Kisha, likizo ya Desemba, nilifanya mafunzo ya kuzamia kwa mtungi chini ya mkufunzi mwenye cheti. Kamera tuliyotumia ni ndogo, ya dijitali, kuukuu, na tuliitia ndani ya kasha gumu la plastiki lisilopitisha maji. Si kamera ya bei. Nataja hilo mapema ili msomaji asikate tamaa, kwa maana mambo makuu katika kazi hii ni matatu tu: mwili, mwanga na adabu. Kamera ni ya nne.

Kwa nini tupige picha?

Pengine utasema, "Aa, hayo ni mambo ya watalii." La hasha! Babu yangu alikuwa mvuvi wa madema. Yeye husimulia kwamba zamani matumbawe ya mahali fulani alipokuwa akitega yalikuwa mengi na marefu hata ngalawa ilipitishwa kwa uangalifu. Leo mahali hapo pana vifusi na mchanga. Nilimwuliza, "Babu, una picha?" Alicheka sana. "Picha ya nini, mjukuu wangu? Si yalikuwa pale pale!"

Jibu hilo limenikaa moyoni. Mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi lilipanda kwa sababu ya El Nino, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka yakawa meupe kama chokaa, kisha yakafa. Mwaka 2016 bahari ilipata joto tena, na mwezi wa Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe yanapauka katika bahari zote kuu za dunia, kwa mara ya nne tangu jambo hilo lianze kuandikwa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina hiyo barani Afrika. Lakini hifadhi haiwezi kuyazuia maji yasipate joto. Basi mzee akieleza yaliyokuwepo, sisi vijana tunadhani anapiga chuku, na hana cha kutuonyesha. Mimi sitaki nije kuwa mzee wa namna hiyo. Picha ni shahidi.

Historia kwa ufupi

Kazi hii ina umri kuliko tunavyodhani. Mwaka 1856 Mwingereza aitwaye William Thompson aliteremsha kamera ndani ya kasha kutoka katika mashua, akapata picha hafifu ya chini ya bahari bila yeye mwenyewe kuzama. Mwaka 1893 Mfaransa Louis Boutan alizama na kamera yake huko Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Baadhi ya picha zake zilihitaji kusubiriwa hadi nusu saa ili mwanga utoshe! Mwaka 1926, William Longley na Charles Martin walipiga picha za kwanza za rangi chini ya bahari, katika visiwa vya Dry Tortugas huko Florida. Mwaka 1943 Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walibuni kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi kwa kadiri anavyovuta. Tangu hapo mzamiaji akawa huru kama samaki.

Enzi za filamu, mpiga picha alikuwa na nafasi 36 tu. Zikiisha, sharti apande juu, na picha asizione mpaka zisafishwe. Leo kamera ya dijitali hukuonyesha picha papo hapo, ukiwa bado majini. Hiyo ni neema kubwa kwa mwanafunzi, maana hujifunza na kujisahihisha kwa wakati mmoja.

SOMO LA KWANZA: Mwili kabla ya kamera

Siku niliyomwomba mjomba kamera alinitazama kisha akasema, "Kwanza jifunze kukaa." Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe "kukaa" kwake ni kuelea majini bila kupanda wala kuzama, bila kupiga mikono wala kugusa chini. Aliniwekea sharti: nikae kimo cha mita moja juu ya mchanga kwa dakika 5, mikono nimeifumbata kifuani.

Jambo hili hufanywa kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni mkanda wa risasi kiunoni. Uwe na uzito wa kutosha tu, usizidi. Cha pili ni jaketi la hewa, ambalo hutiwa hewa kidogo kidogo kadiri unavyoshuka. Cha tatu, na ndicho kikubwa, ni mapafu yako. Ukivuta pumzi unapanda kidogo. Ukiitoa unashuka kidogo. Mzamiaji stadi hujiongoza kwa pumzi peke yake.

Baada ya kulifaulu sharti hilo, bado sikupewa kamera. Nilipewa kipande cha mbao kilichokatwa sawasawa na ukubwa wake, nikatembea nacho majini kwa siku tatu. Nia ilikuwa kunizoesha kushika kitu mkononi huku nikiendelea kuangalia mtungi, kina na mwenzangu. Wenzangu walicheka, "Unapiga picha na ubao?" Lakini siku ya nne niliposhika kamera yenyewe, mkono wangu ulikuwa umeshatulia.

Hapa nataka kila msomaji aweke alama kwa kalamu, kwa sababu ni suala la kufa na kupona. Mpiga picha yeyote ana tabia ya kuzuia pumzi anapobonyeza, ili mkono usitikisike. Nchi kavu hakuna neno. Ukiwa na mtungi wa hewa majini, ni hatari kubwa mno. Sababu yake ni hii: kila mita 10 unazoshuka huongeza kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo kwenye mita 10 kanieneo ni mara mbili ya pale juu. Hewa uliyovuta hapo, ukipanda nayo bila kuitoa, itataka kuwa mara mbili ya ukubwa wake ukifika juu. Mapafu si puto, yatapasuka. Hata kupanda mita chache tu huku umezuia pumzi kunaweza kumdhuru mtu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kuzamia, kabla ya zote, ni: usizuie pumzi kamwe. Mpiga picha hubonyeza akiwa anatoa pumzi polepole.

Zingatia pia mambo yafuatayo:

(a) Usizame peke yako. Mwenzako awe mahali unapoweza kumfikia kwa haraka. Kamera humfanya mtu amsahau mwenzake, kwa hiyo kila baada ya picha chache inua kichwa umtafute.

(b) Tazama kipimo cha mtungi mara kwa mara. Mtungi uliojaa huwa na baa 200 hivi. Desturi ni kwamba ufikapo baa 50 uwe umeshamaliza safari. Hakuna samaki anayestahili baa yako ya mwisho.

(c) Panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, na usimame kwenye mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka.

(d) Usipite kina ulichofundishwa. Katika mfumo wa PADI, cheti cha mwanzo cha mtu mzima hakizidi mita 18. Hata hivyo, mita 18 hazihitajiki. Picha nzuri nyingi ziko chini ya kimo cha mnazi!

(e) Jifunze ishara. Nchi kavu dole gumba juu ni "safi kabisa". Majini maana yake ni "tupande juu." Ukitaka kusema mambo ni sawa, gusanisha kidole cha shahada na gumba mpaka ifanyike duara.

Kwa wale wasio na uwezo wa mtungi, msivunjike moyo. Miwani ya maji na mrija wa kupumulia vinatosha kwa kuanzia. Pale ambapo maji yamekupwa, matumbawe yako mita moja au mbili tu kutoka usoni pako, na huko ndiko mwanga uliko mwingi. Mimi mwenyewe nilianzia hapo. Sharti la kuwa na mwenzako halibadiliki.

SOMO LA PILI: Maji yanavyoutenda mwanga

Katika Fizikia ya Kidato cha Tatu tumejifunza kwamba mwanga hupinda unapotoka katika maji kuingia hewani. Somo hilo nililiona kwa macho yangu nilipovaa miwani. Ndani ya miwani mna hewa, nje kuna maji. Kwa sababu hiyo kila kitu huonekana kimekaribia kwa robo, na kikubwa zaidi kwa kama thuluthi. Samaki aliye mita 4 mbali nawe huonekana yuko mita 3. Ndiyo maana mwanafunzi hunyosha mkono akashika maji matupu! Kamera nayo hudanganyika vivyo hivyo, kwa hiyo usihangaike kupima kwa macho. Iache kamera itafute umbali yenyewe.

Jambo la pili ni rangi. Mwanga wa jua una rangi zote za upinde wa mvua. Maji humeza rangi hizo moja baada ya nyingine, yakianza na nyekundu. Kwenye mita 5 nyekundu imeshafifia sana. Kufika mita 10 rangi ya machungwa nayo inaaga. Karibu na mita 20 manjano nayo inapotea, na kinachobaki ni kijani na samawati. Mzamiaji akijikata huko chini, damu yake huonekana ya kijani au nyeusi.

Ndiyo sababu picha za mwanafunzi yeyote hutoka za samawati tupu, na akaanza kuilaumu kamera. Kamera haina kosa, imepiga ilichopewa. Tena kumbuka kwamba rangi hupotea katika safari yote ya mwanga, si kwenda chini tu. Ukiwa kwenye kina cha mita 5 na samaki yuko mita 2 mbele yako, mwanga umesafiri mita 7 majini kabla ya kuingia katika lenzi.

Jambo la tatu ni takataka. Maji ya bahari hayako safi kama glasi. Yana mchanga, tope na vijidudu vidogo sana. Kila mita ya maji baina yako na samaki ni kama pazia jembamba. Mapazia yakiwa mengi, picha inakuwa na ukungu.

Ukiyajumlisha mambo hayo matatu utaona dawa yake ni moja, nayo ni: sogea karibu. Mjomba husema, "Ukidhani umesogea, sogea tena." Jaribu kupiga ukiwa chini ya mita moja kutoka kwa kitu chako.

SOMO LA TATU: Kuitayarisha kamera

Adui wa kamera ni tone moja la maji ya chumvi. Kinachoizuia bahari isiingie ndani ya kasha ni mpira mwembamba wa duara, mfano wa ule wa kifuniko cha sufuria ya presha. Unywele mmoja au chembe moja ya mchanga juu ya mpira huo yatosha kuifanya kamera kuwa kitoweo. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Usifungue kasha ufuoni wala mashuani. Litayarishe nyumbani, mahali pasipo upepo wala mchanga.

2. Utoe mpira, uupanguse kwa kitambaa laini, uukague kwa kidole kama umechanika. Upake mafuta yake maalumu kidogo tu, uteleze bila kurowa.

3. Ndani ya kasha weka kile kijipakiti cha chembe kinachokuja ndani ya viatu vipya. Hunyonya unyevu, kioo kisipate ukungu.

4. Kabla ya kuitia kamera, lijaribu kasha likiwa tupu. Tia karatasi ya tishu ndani, lifunge, lizamishe katika ndoo kwa nusu saa. Tishu ikitoka kavu, kasha ni zima.

5. Ukitoka baharini, lilowekeshe kasha katika maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kulifungua. Chumvi ikikauka huwa kama msasa.

Na miwani yako ya maji usiisahau. Itemee mate, sugua, suuza. Ni dawa ya zamani na haina gharama.

SOMO LA NNE: Kupiga picha yenyewe

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hii ndiyo methali ya mpiga picha wa baharini. Ukimpiga samaki kutoka juu, utapata mgongo wake na mchanga nyuma yake, rangi moja, humwoni. Shuka uwe sawa naye au chini yake kidogo, uielekeze kamera juu. Hapo nyuma ya samaki patakuwa na maji ya samawati yenye nuru, naye ataonekana wazi kama mtu aliyesimama mlangoni.

Angalia jicho. Jicho likiwa kali, picha ni hai hata kama mkia umefifia. Mpige akikujia au akiwa ubavu, usimpige mkia. Picha ya mkia hueleza jambo moja tu, kwamba samaki amekukimbia.

Usimfukuze. Samaki ana mapezi ya kuzaliwa nayo, wewe unayo ya mpira. Chagua mahali, tulia, pumua polepole, nao watarudi kwenye shughuli zao. Kuna viumbe wanaomfaa mwanafunzi kwa sababu hawana haraka: kiti cha pweza, chewa aliyejilaza chini ya mwamba, mkunga anayetoa kichwa shimoni. Pweza naye ni mwalimu mkali. Ukimkaribia vibaya hubadilika rangi na ngozi yake ikawa kama jiwe, ukabaki kupiga picha ya jiwe.

Jua liwe nyuma yako, au juu ya bega lako. Saa nzuri ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa juu, kwa maana jua la chini huteleza juu ya maji lisiingie sana. Chagua pia majira. Kaskazi, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, bahari yetu hutulia na maji huwa maangavu kuliko wakati wa kusi. Tazama na maji yenyewe: yanapojaa, huja safi kutoka bahari kuu, yanapokupwa, hutoka Mida Creek yakiwa yamebeba tope. Maji mafu ni mazuri kuliko bamvua kwa anayeanza, kwani mkondo hauna nguvu. Elimu hii wavuvi wetu wanayo tangu zamani. Mimi niliipata kwa babu bila kitabu.

SOMO LA TANO: Taa na rangi

Kuna njia tatu za kurudisha rangi iliyomezwa na maji.

Njia ya kwanza ni kuionyesha kamera kitu cheupe ukiwa chini, mathalani kibao cha plastiki, na kuiambia kwamba hiki ndicho cheupe. Kamera nyingi za sasa zina mpango huo. Ukishuka au kupanda mita chache, rudia tena.

Njia ya pili ni kichujio chekundu mbele ya lenzi. Hupunguza samawati ili nyekundu iliyosalia ionekane. Hufaa penye jua jingi na kina kidogo. Kwenye kina kirefu hakisaidii, kwani hakiwezi kurudisha rangi isiyokuwepo.

Njia ya tatu ni taa au flashi. Taa ikimulika karibu, nyekundu inarudi yote, na utashangaa kuona jiwe ulilodhani ni la kijivu kumbe ni jekundu kama achari. Lakini flashi ina taabu yake. Umewahi kupanda matatu usiku katika barabara ya vumbi? Dereva akiwasha taa kubwa, vumbi lote hung'aa na barabara huioni. Ndivyo ilivyo majini. Flashi iliyo juu ya kamera humulika takataka zote zilizo mbele ya lenzi, na picha hujaa madoa meupe kama mtama uliomwagika. Dawa yake ni kuitenga taa na kamera: iweke pembeni, mkono ukiwa umenyooka, imulike samaki kwa ubavu. Kama huwezi kuitenga, izime utumie jua.

SOMO LA SITA: Adabu ya baharini

Tumbawe si jiwe, ni viumbe hai maelfu kwa maelfu waliojijengea nyumba. Aina ya duara, iliyo kama kichwa, hukua kwa kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Tumbawe lenye ukubwa wa mpira wa kandanda limechukua zaidi ya miaka 10, na teke moja la pezi la mpira hulivunja kwa sekunde.

Nilishuhudia jambo hili. Mgeni mmoja mwenye kamera kubwa alimfuata kasa, macho yote kwenye kioo cha kamera, huku miguu yake ikipiga matumbawe nyuma kama jembe. Matawi matatu yalivunjika. Hakuyaona. Alipanda juu akifurahi kwamba kapata picha nzuri, na kweli ilikuwa nzuri. Mjomba alimweleza kwa upole, kama ilivyo desturi yetu kwa mgeni, naye akanyamaza. Mimi nilijiuliza: picha ile ni shahidi wa nini?

Basi kanuni ni hizi. Usiguse. Usisimame juu ya matumbawe. Usimsogeze mnyama ili akae vizuri. Usimzuie kasa anapopanda kuvuta hewa, maana naye hupumua kama sisi. Kama picha haipatikani bila kudhuru, iache. Ndiyo maana somo la kwanza lilikuwa la mwili: asiyeweza kukaa majini hawezi kuwa na adabu, hata akitaka.

Picha zina faida gani?

Papa shilingi, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani, ana madoa meupe mgongoni kama sarafu, na madoa hayo hayafanani kwa papa wawili. Ukimpiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, wataalamu wanaweza kumtambua kama anavyotambuliwa mtu kwa alama za vidole. Mwaka 2005 ilichapishwa njia ya kulinganisha madoa hayo kwa kompyuta, na njia yenyewe iliazimwa kutoka kwa wataalamu wa nyota, waliokuwa wakiitumia kulinganisha picha za anga! Kasa nao, pamoja na ng'amba, hutambuliwa kwa magamba ya mashavuni. Kwa hiyo picha ya mwanafunzi, ikiwa safi na imeandikwa tarehe na mahali, yaweza kueleza kwamba kasa fulani yu hai na amerudi.

Isitoshe, kuna kazi ambayo hata asiye na papa shilingi anaiweza. Chagua mwamba mmoja. Upige picha ukiwa mahali pale pale, kwa umbali ule ule, kila likizo. Andika tarehe, kina na hali ya maji. Mimi nimeanza na tumbawe moja lililo mita 3 kwenda chini, na sasa nina picha zake za likizo mbili. Tofauti bado ni ndogo. Nilimwonyesha babu picha hizo akazitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na ule upande wa pili, kule kwenye madema yetu, umepiga?" Sijapiga. Nimepanga kuupiga Aprili, kabla kusi haijachafua maji.

Hitimisho

Ndugu msomaji, nimejaribu kueleza kwamba upigaji picha chini ya bahari huanza na pumzi iliyotulia, ukafuata mwanga, na ukalindwa na adabu. Haraka haraka haina baraka. Anza na kuogelea. Katika darasa letu wanaojua kuogelea hawazidi wachache, na bahari ni hii hapa. Mwenye nia na aje, nimwonyeshe kibao changu cha mbao, nitamwazima bila malipo. Kwa haya machache natia nanga.

Msamiati

Bamvua – kujaa na kupwa kukubwa kwa maji, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu.
Dema – mtego wa samaki uliosukwa kwa vijiti au matete.
Kiti cha pweza – mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota.
Maji mafu – kipindi ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.
Mkunga – samaki mrefu kama nyoka akaaye katika mashimo ya mwamba.
Ng'amba – aina ya kasa mwenye mdomo kama wa kipanga.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini mzamiaji wa mtungi hapaswi kuzuia pumzi anapobonyeza kamera.
2. Mzamiaji yuko kwenye kina cha mita 6 na chewa yuko mita 3 mbele yake. Mwanga wa jua umesafiri mita ngapi majini kabla ya kufika kwenye lenzi? Ni rangi zipi zitakuwa zimefifia?
3. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Onyesha jinsi methali hii inavyohusiana na picha ya samaki.
4. Muulize mzee mmoja wa kwenu mahali palipokuwa na matumbawe au samaki wengi zamani. Andika jina la mahali hapo na alivyopaeleza. Je, kuna picha?